Mfuko mdogo wa maafa: tununue unga, au tuandae ghala, boti na orodha?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kata huku bondeni Rufiji, kusini mwa Daraja la Mkapa. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 tuliamua kuwa na mfuko wetu, na wadau wametuchangia. Tunapanga kwa kaya 1,000, yaani watu kama 5,000. Wajumbe wengi wanataka tununue unga, maharage na magodoro tuweke stoo tukisubiri masika. Wachache tunasema fedha iende kwenye ghala, usafiri, maji na mawasiliano, maana safari ile misaada ilikuja ikatukwamia njiani. Tunaambiwa tunatafuta semina na posho. Unatushaurije, na kama ni hizo huduma, tuanze na ipi?

JIBU: Ndugu Katibu, ninyi wachache mna hoja, ila mnaiwasilisha vibaya. Ukitamka "ghala, usafiri na mawasiliano" kikaoni, mjumbe anaona bahasha. Mwambie habari ya tani, safari na lita za petroli, naye mwenyewe atagundua kwamba unga ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Mgawo wa dharura unaokaribia kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, ambao ndio kipimo cha mashirika mengi, kwa kawaida ni gramu 400 za nafaka, 60 za maharage au kunde, 25 za mafuta ya kula, 50 za unga lishe, 15 za sukari na 5 za chumvi. Jumla gramu 555. Kwa watu 5,000 hiyo ni kilo 2,775 kwa siku, na kwa siku 15 ni tani 41 na nusu hivi, tuseme 42. Malori matano ya tani kumi yanazileta zote kutoka Dar es Salaam kwa siku moja, na malori yapo. Kazi inaanza pale lami inapozama.

Chukua boti ya faiba inayobeba tani moja salama. Tani 42 ni safari 42. Kama kwenda na kurudi ni saa mbili za injini, ukiongeza dakika 40 za kupakia na kushusha, boti moja inafanya safari nne kwa siku ya mchana mtupu. Usiku msiende: mto una viboko na mamba, na magogo yanayoelea hayaonekani. Boti tatu ni tani 12 kwa siku, kwa hiyo mzigo wa siku 15 utachukua siku tatu na nusu kama hakuna injini itakayogoma. Injini ya nguvu za farasi 40 ikiwa imelemewa inakunywa lita 15 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Safari 42 za saa mbili ni lita 1,260, yaani mapipa sita ya lita 200 na kidogo juu yake. Hapo hujamhamisha mjamzito hata mmoja, wala hujampeleka mganga.

Sasa waulize wajumbe: mapipa hayo sita yatatoka wapi siku ambayo umeme hakuna na pampu za kituo cha mafuta hazisukumi? Mwenye boti mmeshaandikiana naye bei, au mtaanza kubishana naye maji yakiwa kiunoni?

Ndiyo maana nasema boti na mafuta viwe kifungu cha kwanza cha mfuko wenu. Msinunue boti, kwa sababu boti ya kamati hukaa juani miezi kumi, ikapasuka, na injini yake ikaazimwa. Wekeni mikataba na wavuvi watano hadi sita wanaoujua mto, mkitarajia watatu watapatikana siku ya tukio. Kwenye karatasi iandikwe bei kwa safari na kwa siku, nani anatoa petroli na oili ya kuchanganya, uzito wa mwisho wa kupakia, jaketi okozi kwa kila aliye ndani, plagi za akiba na pini ya kukatika ya propela. Pini hiyo ya bei ya soda ikikatika boti inasimama hata kama injini ni nzima, na kwenye maji ya mafuriko propela hugonga visiki. Uzito wa mwisho upigiwe mstari wa rangi ubavuni mwa boti. Maji yakifika kwenye mstari hapakiwi tena, hata awe anasubiri nani.

Mkishamaliza chakula, geukeni kwenye maji ya kunywa, na hapa hesabu inatisha zaidi. Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga. Watu 5,000 wanahitaji lita 75,000, ambazo ni tani 75 kila siku: mara 27 ya uzito wa chakula chao. Hakuna boti tatu zinazoweza kubeba hizo. Kusafirisha katoni za maji ya chupa kwenda kwa watu waliozungukwa na maji ni njia ya haraka kabisa ya kumaliza petroli. Maji yatibiwe pale pale walipo. Angalia uzito unavyogeuka: kwa dozi ya miligramu 3 kwa lita, klorini ya unga ya HTH yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 inayotosha watu hao mwezi mzima ni kilo kumi. Shabu ya kutulizia tope, kwa dozi ya miligramu 60, ni kilo 135, kama magunia matatu. Mwezi wa maji unaingia kwenye pembe ya boti moja. Kinachokosekana ni mtu anayejua kupima, na huyo ndiye wa kumtafuta kabla ya mvua: fundi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, pale wilayani na afisa afya wenu wa kata.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Maji ya mafuriko yana tope, na klorini ikitiwa kwenye tope huishia kupambana na uchafu, vijidudu vikabaki. Kwa hiyo tope kwanza. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji. Chukua ndoo nne za lita 20 zenye maji ya mto, tia mililita 40, 80, 120 na 160. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika kumi, halafu usiziguse kwa saa nzima. Ndoo yenye dozi ndogo kuliko zote ambayo maji yake yameng'aa, hiyo ndiyo dozi yako ya siku hiyo. Kesho mto utabadilika, utapima tena. Maji yaliyotulia yavutwe kwa juu kwenda tangi la pili. Ukitia klorini kwenye tangi lile lile lenye tope chini, umepoteza kazi yote ya asubuhi.

Kisha klorini. Gramu 15 za HTH kwenye lita moja zinakupa mchanganyiko wa asilimia 1. Uache utulie, tumia maji ya juu. Kwenye ndoo nne za lita 20 za maji yaliyokwisha kung'aa tia mililita 2, 4, 6 na 8, funika, subiri dakika 30, halafu pima klorini iliyobaki kwa kile kisanduku cha kulinganisha rangi na kidonge cha DPD namba 1, kile kinachogeuza maji yenye klorini kuwa waridi. Unatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale bombani. Kwenye tangi chagua ndoo iliyosoma karibu na 0.5, kwa sababu itapungua njiani na ndani ya madumu. Ikiwa ni ile ya mililita 4, basi tangi la lita 10,000 linataka lita 2 za mchanganyiko ule.

Yanayoharibika hapa ni machache na ni yale yale. Mchanganyiko wa klorini unatengenezwa mwingi wa wiki nzima ili kupunguza usumbufu. Kwenye joto la pwani nguvu yake hushuka, na siku ya nne mtu anatia dozi ile ile isiyofanya kazi. Tengeneza kila siku. Kisanduku cha kupimia kina pande mbili, moja ya klorini na moja ya pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na vidonge vyake ni viwili tofauti. Vijana huvichanganya na wakaandika namba zisizo na maana. Kosa la tatu ni baya zaidi kwa sababu linadanganya macho: klorini ikiwa nyingi mno, kidonge kinatoa waridi kwa kufumba na kufumbua, kisha rangi inapotea na maji yanabaki meupe. Mpimaji anaandika sifuri, anaongeza klorini, na kesho watu wanasusia bomba kwa sababu ya harufu na kurudi kuchota mtoni. Mfundisheni anayepima aiangalie chupa tangu kidonge kinapoanguka. Akiona waridi imepita na kufutika, achukue sehemu moja ya maji hayo achanganye na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, apime tena.

Tangi la mpira la lita 10,000 likijaa ni tani kumi juu ya ardhi iliyolowa. Likiwekwa kwenye mteremko, hata mdogo, linajiviringisha lenyewe polepole na kung'oa mabomba. Jukwaa liwe bapa, la udongo ulioshindiliwa au viroba vya mchanga, mita moja au zaidi juu ya mabomba ili maji yashuke yenyewe. Mabomba: moja kwa watu 250, kwa hiyo 20. Bomba linalotoa lita 7.5 kwa dakika litawatosha watu 250 likifunguliwa saa nane na nusu mfululizo. Likifunguliwa kwa muda wa saa sita tu, tatu za asubuhi na tatu za jioni, kama inavyofanyika sehemu nyingi, foleni haiishi na ugomvi unaanza.

Kuhusu ghala, kuna mfano wa mbali unaofaa kusomwa kikaoni. Mwezi Machi 2015 kituo cha kupokelea na kupangia misaada kilifunguliwa kwenye uwanja wa ndege wa Kathmandu, Nepal, kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Tetemeko kubwa lilikuja tarehe 25 Aprili mwaka huo huo. Ndege zilipoanza kutua kulikuwa na mahali pa kushushia, watu wa kupokea na karatasi za kuandikia. Kilichosaidia si mali iliyokuwa ndani; ni sakafu, paa na utaratibu.

Ninyi hamhitaji kujenga. Tani 42 za nafaka na vikorokoro vyake ni mita za ujazo 84 hivi, kwa kukadiria mita mbili za ujazo kwa tani. Mkipanga urefu wa mita mbili ni mita za mraba 42, ongezeni njia za kupita, na mita moja ya kuacha kutoka ukutani, mnahitaji chumba cha mita za mraba 100 hivi. Ghala la chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, linatosha na kubaki, na masika hulikuta tupu: korosho zimeshaondoka, ufuta bado uko shambani. Andikianeni na AMCOS sasa, kwa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kutoka, kwa sababu ufuta ukianza kuingia watataka ghala lao na watakuwa na haki. Mkiweza pateni mawili madogo kuliko moja kubwa: moja Ikwiriri, kaskazini ya daraja, jingine upande wenu kwenye ardhi ya juu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zake zilikata barabara ya Lindi eneo la Somanga. Mzigo uliokuwa upande wa kusini ulibaki kusini. Madarasa yaacheni. Watu watalala humo, na baada ya wiki mbili mwalimu mkuu atataka wanafunzi warudi.

Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Acheni mita moja kutoka ukutani na mita moja kati ya rundo na rundo ili mtu apite akihesabu. Yapangwe kwa kupishana kama matofali, safu ya juu ikifunga ya chini, na kila rundo liwe la bidhaa moja yenye tarehe moja ya kuisha. Mafuta ya kula yasiwe juu ya unga. Petroli isiingie kabisa humo, na HTH ikae chumba chake kikavu chenye hewa, mbali na petroli, oili na chakula: klorini hiyo ikikutana na mafuta inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.

Mtunza ghala ndiye ajira muhimu kuliko zote na ndiyo inayotolewa kwa upendeleo kuliko zote. Awe mtu mwenye mwandiko unaosomeka na moyo wa kumkatalia diwani. Silaha zake ni tatu: leja, kadi inayoning'inia kwenye kila rundo ikionyesha kilichoingia, kilichotoka na salio, na kitabu cha hati za kutolea mzigo chenye nakala nne. Moja inabaki ghalani, tatu zinasafiri na mzigo. Mpokeaji anahesabu, anaandika alichopokea kweli, si kilichoandikwa kwamba kimetumwa, anasaini zote tatu na kubaki na moja. Ya pili inarudi ghalani. Ya tatu ndiyo mwenye boti anayolipiwa. Msimlipe mtu bila nakala iliyosainiwa na hamtahitaji kumfukuza mtu na bodaboda. Kila Jumamosi mjumbe mmoja ambaye si mtunza ghala ahesabu rundo kwa rundo na kulinganisha na kadi. Gunia lililopasuka lipimwe kwenye mizani, lifungwe upya na uzito wake mpya uandikwe. Unga uliofagiwa sakafuni usirudi kwenye gunia la binadamu.

Sasa hoja ya wenzenu ya kununua mapema. Unga wa dona unachacha baada ya muda mfupi, na sembe haivumilii joto na unyevu wa ghala lililofungwa miezi sita. Badala yake ingieni mkataba na mwenye mashine Ikwiriri au Kibiti wa kuwauzia kiasi fulani, kwa fomula ya bei ya soko ya wiki hiyo na nyongeza iliyokubaliwa, ndani ya saa 48 tangu mpige simu. Mkisisitiza kuweka chakula, wekeni mahindi punje kwenye mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, tena kidogo.

Magodoro nayo yaacheni. Godoro la futi mbili na nusu kwa sita, unene wa inchi nne, ni mita za ujazo 0.14. Elfu moja ni mita za ujazo 140: malori matatu hadi manne yaliyojaa hewa, na chumba chenu kimekwisha. Likilowa mara moja halikauki. Mkeka unabebwa kumi kumi na unakauka saa sita mchana. Vya kuweka akiba ni mikeka, maturubai, kamba, sabuni na madumu: kila kaya mawili ya lita kumi, moja la kuchotea na moja lenye mfuniko la kuhifadhia. Na kwa kuwa mtachangiwa nguo mtake msitake, tengeni banda la mitumba mbali na ghala. Marobota ya nguo zisizochambuliwa yakishaingia ghalani, chakula kinashushwa mvuani.

Orodha ya kaya ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayozua kesi nyingi. Iandikwe sasa, kitongoji kwa kitongoji, ikiwa na jina la mkuu wa kaya, jina la mtu mzima wa pili anayeweza kuchukua mgawo, idadi ya watu, nani ni mjamzito, mzee au mlemavu asiyeweza kufika kituoni, na kaya iko eneo gani. Kisha isomwe kwa sauti mkutanoni. Hapo ndipo kaya hewa hufa, kwa kuwa jirani anajua nani alihamia Mbagala mwaka juzi. Mwanamume mwenye wake wawili wanaopika majiko mawili ahesabiwe kaya mbili, la sivyo jiko moja litalala njaa. Nakala moja ya orodha ikae nje ya bonde, kwa mtendaji au wilayani, kwenye mfuko wa nailoni. Daftari lililobaki kwenye ofisi ya kijiji iliyozama halimsaidii mtu. Siku ya kugawa, itwa kitongoji kwa kitongoji kwa saa tofauti, maliza mapema ili akina mama wasirudi gizani, weka meza ya malalamiko yenye mtu asiye mgawaji, na bandika ukutani mgawo wa kila mtu kwa kilo pamoja na maneno kwamba ni bure, haulipiwi kwa fedha wala kwa chochote kingine. Sentensi hiyo ya mwisho iandikwe kwa herufi kubwa. Anayejua inamaanisha nini ataielewa.

Mawasiliano hayahitaji fedha nyingi kwa ukubwa wenu. Minara ya simu ina betri za saa kadhaa umeme ukikatika, baadaye jenereta yake inategemea barabara ile ile iliyokatika. Huko Beira, Msumbiji, kimbunga Idai kilipopiga Machi 2019, mji mzima ulikuwa bila simu na barabara yake kuu ilikatika, na mtandao wa dharura wa setilaiti uliofungwa na wataalamu ndio uliowawezesha watoa misaada kuzungumza na dunia. Ninyi haitafika huko mara nyingi. Nunueni paneli za sola za kuchajia, simu ndogo za batani zenye laini za mitandao miwili kwa kila mwenyekiti wa kitongoji, na redio za mkononi za VHF nne au tano kama wilaya itawaombea masafa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Redio ya mkononi inafika inapoona: kilomita chache kwenye miti, zaidi ukipanda mahali pa juu. Cha maana zaidi ni ujumbe uwe na umbo moja kila jioni saa kumi na mbili: wapi, kaya ngapi, kimefika nini na kiasi gani, kinatakiwa nini na kiasi gani, njia inapitika kwa chombo gani. "Hali ni mbaya sana, tusaidieni" haiwezi kupakiwa kwenye boti.

Ramani: waombeni vijana wa chuo au wa sekondari wawachoreeni. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, tangu 2015, uliwatumia wanafunzi na wenyeji kuchora mitaa inayofurika, mifereji na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Yenu iwe na vitu vitano tu: miinuko, njia za boti, visima, zahanati na mahali panapoweza kugeuzia lori.

Wako watakaosema tugawe fedha kwa simu, tumalize. Maji yakishashuka nawaunga mkono kabisa, mradi mambo matatu yathibitishwe kwanza kwa kutembea sokoni: maduka yana bidhaa, mawakala wana fedha taslimu ya kutosha, na laini ya mpokeaji imesajiliwa kwa jina lake. Wakala wa kijijini anaweza kumaliza fedha taslimu kwa watu kumi na wawili, na simu nyingi zitakuwa zimezama pamoja na vitambulisho vya NIDA. Wekeni utaratibu wa kutambuana kwa orodha na mtendaji. Maji yakiwa bado yamejaa, fedha inapandisha bei ya unga uliobaki kijijini na hakuna mwingine unaoingia.

Mambo makubwa kuliko uwezo wenu yapandishwe ngazi. Kwa sheria ya maafa ya mwaka 2022 kuna kamati kutoka kijiji hadi taifa, na Idara ya Menejimenti ya Maafa iko Ofisi ya Waziri Mkuu. Mashirika ya kimataifa ya usafirishaji wa pamoja, ndege na mawasiliano huingia serikali inapoyaomba, na yakiingia yanatoa huduma kwa fomu. Fomu inauliza uzito, ujazo, mahali pa kuchukulia, mahali pa kushushia, tarehe mzigo utakapokuwa tayari, na jina la atakayepokea pamoja na simu yake. Ombi lisilo na ujazo linarudi, maana mpanga ndege hawezi kubahatisha. Ndiyo sababu nimekuwa nikikuchosha na mita za ujazo tangu mwanzo. Barua yenu kwenda wilayani iwe na namba hizo hizo, na iombe huduma, si vitu tu: fundi wa maji kwa siku 14, tangi la lita 10,000 na pampu, trekta lenye tela, helikopta kwa ajili ya wagonjwa.

Kama ningekuwa kikaoni, kila shilingi mia ningeipanga hivi: 35 boti na mafuta, 25 maji, 15 ghala na mtunza ghala, 10 orodha na mawasiliano, 15 mikeka, maturubai, sabuni na madumu. Fedha ya mafuta ikae kama malipo ya awali kwa vituo viwili vilivyo pande mbili za daraja, kwa barua inayosema pipa ngapi zisiuzwe kuanzia Machi. Kimoja kiwe na pampu ya mkono. Posho ya mafunzo iandikwe waziwazi kwenye bajeti, kiasi na majina, isomwe pamoja na mengine.

Mwezi Februari fanyeni zoezi la siku moja. Pakieni tani moja ya viroba vya mchanga kutoka ghala la AMCOS hadi ng'ambo na kuirudisha, na mtu ashike saa na chupa ya kupimia petroli. Dakika za kupakia, dakika za safari na lita zilizotumika, hizo ndizo mziingize kwenye hesabu, mfute zangu.